Kosa Namba Nne

Mhandisi Anastazi alishuka kwenye gari la shirika akiwa ameziba pua kwa leso, nami nikajua papo hapo kwamba tumeletewa mzigo. Hakukuwa na kitu kinachonuka. Ilikuwa Novemba, mvua zilikuwa zimeosha migomba ya Rugera mpaka inang'aa, na harufu pekee pale uani ilikuwa ya senene, wale panzi wa msimu wa mvua, ambao Projest, mlinzi wetu, alikuwa anawakaanga. Mtu ambaye baba yake amezaliwa Kamuli, hapa hapa Karagwe, kisha anaziba pua mbele ya senene, huyo ana lake jambo.

Projest alimsalimia kwa Kinyambo. Mhandisi akajibu, kwa Kiswahili kilichonyooka kama kimepigwa pasi, kwamba lugha hiyo yeye haielewi. Projest ni mtu mzima. Alimfahamu marehemu Byabato, baba wa huyu bwana, kabla hajahamia Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini. Alicheka tu, akamuuliza mgeni kama atapata kwanza chakura au ataanza kazi.

"Chakula," Anastazi akamsahihisha. "Chakula, mzee. Ulimi uguse juu."

Shikamoo hakumpa. Nafasi ya kumfundisha mtu mzima kutamka alikuwa nayo, ya kumwamkia hakuwa nayo.

Mimi naitwa Kokuberwa. Mwaka huo, tisini na tano, nilikuwa naendesha chumba cha redio cha shirika moja la misaada, nyuma ya ghala, karibu na kambi ya wakimbizi. Rwanda ilikuwa imewaka moto mwaka uliotangulia, na watu walimwagika upande wetu bila kujua nani kaishia wapi: mama huku Karagwe, mtoto Ngara, mume hajulikani. Kazi yetu ilikuwa kuwatafuta. Mtu alikuja dirishani, akataja jina la anayemtafuta, na Theoneste, mwalimu kutoka kambini tuliyemwajiri kwa sababu ya Kinyarwanda chake na mwandiko wake, akaliandika. Mimi nililituma Mwanza. Mwanza walikuwa na kompyuta kubwa yenye majina ya watu wa kambi zote, wakaliuliza humo, na jibu likaturudia kwa neno moja: yupo, au hayupo.

Majina hayakuruhusiwa kutajwa kwa sauti redioni. Redio ya sauti husikilizwa na yeyote mwenye redio, na mwaka ule si kila aliyemtafuta mtu alimtafuta kwa heri. Ndiyo maana tulipewa kisanduku cheusi kilichokaa kati ya kompyuta na redio. Ndani yake mlikuwa na bodi moja yenye prosesa ya kuchambua mawimbi. Iligeuza maandishi yangu kuwa milio ambayo sikio la binadamu lisingeambulia kitu, na bodi ya Mwanza ikaigeuza ile milio kuwa maandishi tena. Bodi ile ilikuwa na udhaifu mmoja tu: ukiizima inasahau kila kitu, hata kazi yake yenyewe. Ukiiwasha lazima uilodi upya, yaani uisukumie programu kutoka kwenye kompyuta kwa njia ya waya. Nilikuwa naifanya kazi hiyo kila umeme ulipokatika, huku nakunywa chai. Haikuwahi kunikataa.

Kisha wakubwa wa Mwanza wakaona tumekaa salama muda mrefu mno, wakamtuma Anastazi atuletee programu mpya.

Asubuhi ile aliyofika, Jumanne, mkononi nilikuwa na jina moja lililokuwa na haraka kuliko yote. Nyirabageni, mama mmoja wa kambini aliyekuwa akienda kulima vibarua kwenye mashamba ya kahawa, alikuwa anamtafuta binti yake Kampire. Walipotezana njiani, kwenye msongamano wa kukimbia. Tulishamuulizia mtoto huyo mara moja, Mwanza wakajibu hayupo. Mama hakulia mbele yetu. Alisema asante na kurudi kwenye jembe. Lakini wiki ile mwanamke mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Ngara alimwambia kwamba kule kwenye kituo cha watoto wasio na ndugu kuna msichana mwenye kovu la moto shingoni. Kampire alikuwa na kovu la moto shingoni. Na kituo kile kilikuwa kinafungwa. Ijumaa malori yangewachukua watoto wote ambao hawajaulizwa na mtu, wagawanywe kwenye nyumba za kulelea mbali huko, wengine wapewe walezi walioomba watoto. Mama hakuweza kwenda Ngara bila kibali cha mkuu wa kambi, na mkuu wa kambi hakutoa kibali bila neno "yupo" kutoka kwetu.

Nilikuwa nimeshaandika ujumbe wake, na kovu nimelitaja. Nilikuwa nasubiri saa yetu ya kuita Mwanza. Anastazi akaingia, akatazama kompyuta yangu kama mtu anayetazama choo cha stendi, akazima kisanduku.

Nilimwambia kuna ujumbe wa haraka. Akasema nusu saa tu. Nikamwambia basi nitume kwanza, ndipo aendelee. Akasema programu iliyokuwemo ni takataka, na kwamba haja yake si kubishana na opereta. Kisha akaifuta. Nasema akaifuta, mbele ya macho yangu, ile programu ambayo haikuwahi kunikataa, ili kupata nafasi ya ile yake. Nakala yake nyingine haikuwepo pale Rugera, na yeye hakubeba, kwa sababu mtu mwenye akili kama zake hajiandai kushindwa.

Akachomeka diski yake. Nyota ndogo zikaanza kutambaa kwenye skrini moja moja, kama kawaida programu inapopita kwenye waya. Zikafika mwisho. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua kiti changu. Mashine ikaandika kwa Kizungu kwamba kuna kosa namba nne, na nyota zote zikafutika.

Akarudia. Nyota zikatambaa, zikafika mwisho, kosa namba nne.

Nilimuuliza kosa namba nne ni nini. Alijibu kwamba namba hizo zimo kwenye kitabu, na kitabu kipo Mwanza, lakini yeye vitu vyote anavyo kichwani. Ningependa kusema kwamba niliamini. Kichwa kile kilikuwa kikubwa vya kutosha.

Kwa hiyo ilibidi mkosaji atafutwe, na wa kwanza alikuwa mimi. Nilikuwa nakifunika kisanduku kwa kitambaa cha kufuma, chenye maua mekundu, kama tunavyofunika redio majumbani mwetu. Akakinyanyua kile kitambaa kwa ncha ya vidole viwili, akasema hiki ndicho kimeiua bodi kwa joto, na kwamba mashine si bibi harusi. Akaiacha bodi ipoe mpaka alasiri. Alipolodi tena, kosa namba nne.

Aliyefuata alikuwa Projest, kwa sababu ya jenereta lake. Umeme wake mchafu, mhandisi akasema, unapanda na kushuka. Projest alilizima jenereta, tukaunganisha betri ya gari, umeme safi usio na lawama ya mtu. Kosa namba nne. Mhandisi akaanza kulalamikia moshi wa jiko, akazihamia nyasi tulizotandaza sakafuni, kwamba zinaleta vumbi, akamalizia kwa senene, kwamba huenda mmoja amejipenyeza ndani ya kisanduku. Akakifungua. Hakukuwa na senene. Kulikuwa na bodi ya kijani, safi, chipu zake zimekaa kwenye viti vyao, na ikamtazama bila wasiwasi wowote.

Nyirabageni alikuja jioni ile kutoka shambani, miguu ina tope, akasimama dirishani akauliza kama jibu limekuja. Theoneste alimweleza kwamba mashine inatengenezwa. Akauliza itapona lini. Anastazi, bila kugeuka, alisema aambiwe asisumbue mafundi.

Jumatano yote ilikwenda hivyo. Alibadilisha waya, akapima kila kimoja kwa mita. Alitoa chipu na kuzirudisha kwa kuzikandamiza kidole gumba, huku amebana pumzi. Alilodi kwa diski ya pili, halafu ya tatu, zote nakala za kitu kilekile, na zote zikasema kitu kilekile. Kila zilipokataa aligeuka kunitazama mimi, kana kwamba nimekaa pale kuiroga bodi. Mchana alikula mikate aliyokuja nayo kutoka Mwanza. Matoke ya Projest alisema yanamjaza gesi.

Nilimchukia, na sioni kwa nini nifiche. Nilimchukia zaidi kwa sababu nilijua alikotoka. Projest alinisimulia tukiwa tunaosha vyombo. Byabato alipohamia Dar, huyu mtoto aliingizwa shule ya huko akiwa na ulimi wetu wa Karagwe, ulimi ambao kwake r na l ni majirani wanaoazimana kila kitu. Akasema mararia, akasema kurara, akasema mwarimu. Watoto wakamcheka, wakampa jina la Mararia, na mwalimu naye akawa anamsimamisha mbele ya darasa arudie. Siku aliyoweza kuitamka l alikata uhusiano na sisi wote. Projest alisema hayo kwa huruma. Mimi sikuwa na huruma ya kugawa. Wapo waliochekwa wakarudi na adabu.

Theoneste ndiye aliyekuwa ametulia kuliko sote, na utulivu wake nilikuwa naujua ni wa nini. Yeye mwenyewe alikuwa anamtafuta kaka yake, Twagirayezu, na jibu lilikuja hayupo. Miezi hiyo ya karibuni, tangu Anastazi ashike ile kompyuta kubwa ya Mwanza, hayupo zilikuwa nyingi kuliko zamani. Watu kambini walishaanza kuitafutia hali hiyo maelezo. Walikuwa wameona kwamba Uwimana amepatikana, Mukamana amepatikana, Nsengimana amepatikana, wote majina yao yana Imana ndani, ambaye ndiye Mungu kwa Kinyarwanda. Basi ikawa ni imani kwamba Mungu anawarudisha wa kwake. Imani hiyo ilidumu mpaka mzee mmoja alipomuulizia mwanawe Harerimana. Jina lina Mungu kabisa, na jibu likaja hayupo. Yule mzee alituuliza dirishani amemkosea Mungu nini.

Alhamisi asubuhi Nyirabageni hakwenda shambani. Alikaa kwenye benchi nje ya dirisha, amevaa kitenge chake kizuri, na kando yake kifurushi kidogo cha safari. Nilipouona ule mzigo niliinuka. Nilimwendea mkuu wa kambi mwenyewe, nikamwomba kibali bila jibu. Akaniambia akimpa mmoja kwa ajili ya kovu, kesho atakuwa na mia wenye makovu mlangoni. Nikarudi nimekunja sura.

Nikamkuta Anastazi amefikia jambo lake la mwisho. Alikuwa amepunguza spidi ya waya hadi chini kabisa, spidi ambayo hakuna mtu anaitumia, kwa hoja kwamba huenda herufi zinapotea njiani kwa kukimbia. Ndevu zilikuwa zimemwota na shati limeanza kunata. Akazima kisanduku, akakiwasha.

Kila bodi ile inapowashwa hujitambulisha. Huandika mstari wa maneno kwenye skrini, halafu skrini inajifuta kupisha kazi. Siku zote mstari huo ulipita kwa mwako mmoja, hakuna aliyewahi kuusoma, na wala hakuna aliyejali. Safari hii, kwa ule mwendo wa kobe, herufi zilitoka moja moja kama mtoto anayejifunza kuandika. Jina la bodi likatoka, ukafuata mwaka wake, mwisho jina la kituo chake: R, U, G, E, R, A.

Anastazi akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu aje, na kilitoka puani.

"Umeona?" akaniambia. "Mpaka kiwandani mmewaambukiza. Wameandika Rugera."

"Ni Rugera," nikasema.

"Ni Lugela. Nyinyi ndio mnasema Rugera, kwa sababu l hamna. Mimi kwenye programu yangu nimewaandikia sawasawa."

Theoneste aliweka kalamu chini. Mimi nilimtazama yule mtu nikawa sina uhakika kama nimesikia vizuri. Kata yetu inaitwa Rugera. Inaitwa Rugera kwa wenyewe, inaitwa Rugera kwenye ramani, kwenye muhuri wa ofisi ya kata na kwenye bango la barabarani alilolipita akija. Na huyu, mtoto wa Byabato, alipoisoma alidhani serikali nzima inakosea kutamka.

"Bodi inajiita Rugera," nilimwambia, taratibu, kama ninavyoongea na walevi. "Programu yako inamuulizia Lugela. Sasa unataka ifanye nini?"

Nilimwona akilipata jambo lenyewe, likimpanda kutoka shingoni mpaka usoni. Alilijua vizuri kuliko mimi. Bodi hizi huitana kwa majina hewani, kwa hiyo kila moja imechomwa jina lake kiwandani, kwenye kipande cha kumbukumbu kisichofutika. Programu nayo hutengenezwa ikiwa na jina la bodi itakamokaa. Ikishapita yote kwenye waya, mwisho kabisa, mashine inalinganisha majina mawili. Yasipofanana inaitupa programu nje, kwa sababu inaiona ni mgeni aliyepotea nyumba. Hilo tu ndilo lilikuwa kosa namba nne. Kitambaa changu hakikuwa na hatia, na jenereta na nyasi vilevile. Mkosaji alikuwa herufi moja iliyochekwa darasani huko Dar.

Akakaa kwenye kompyuta, mgongo ametugeuzia, akabadilisha jina. Akairudisha spidi ilipokuwa. Nyota zikatambaa, zikafika mwisho, taa ya kijani ikawaka na redio ikaanza kukoroma ule mkoromo wake wa zamani. Sikuwahi kuupenda mkoromo ule kama siku ile.

Na unajua alifanya nini? Alinyoosha mikono juu, akajinyoosha mgongo, akasema kazi za utafiti ndivyo zilivyo, zinataka uvumilivu. Akauliza kama wale senene bado wapo.

Mimi nilikuwa nimeshakaa. Nilianza kuuandika upya ujumbe wa Nyirabageni kwenda Mwanza, K, A, M, P, I, na nilipofika kwenye herufi inayofuata kidole kikasimama. Niligeuka.

"Majina ya watu," nikamuuliza. "Tunayokutumia Mwanza. Nayo unayasahihisha?"

Alikuwa ameshatia senene mdomoni. Alisema, kwa fahari kabisa, kwamba hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe. Maswali ya kutoka Karagwe na Ngara yalikuwa yanakuja na r zisizo na mpango. Basi akaitengenezea kompyuta kubwa kijiprogramu kinachozigeuza zote kuwa l kabla ya kuulizwa, ili kuokoa muda. Nikamuuliza kama na yale majina yaliyosajiliwa humo ndani, ya kambini, amekwishayageuza pia. Akasema hapana, hayo yaliandikwa na watu wengine kabla yake, hayamhusu.

Theoneste alisimama. Ni mtu mpole, nimemjua miaka mingi, na sikuwahi kumwona akigusa mtu. Alimwendea Anastazi karibu sana, akamwambia, "Twagirayezu." Akamwambia tena, "Harerimana." Akaanza kuyataja yote kwa sauti ileile ya dirishani, majina ya watu ambao yeye mwenyewe aliwaambia ndugu zao kwamba hawapo. Hata Therese mmoja alimtaja, ambaye kwa akili ya yule kiumbe alikuwa amegeuzwa Thelese, asingetambulika hata na padri aliyembatiza. Uwimana alipatikana kwa sababu hana r. Mukamana hana r. Mungu wa watu hakuwa amechagua mtu. Aliyechagua ni huyu, aliyesimama mbele yetu na bawa la senene kwenye mdomo.

Anastazi alisema hakukusudia. Nilimwambia anyamaze.

Kanuni ilikuwa kwamba maswali yote yapitie Mwanza. Niliivunja. Bodi ya Ngara nayo ina jina lake, na sasa yetu ilikuwa na programu inayoitambua kwa jina, kwa hiyo niliita Ngara moja kwa moja. Opereta wa kule alikuwa Kemigisha, dada tuliyesoma naye, mtu asiyepoteza maneno. Nikamwandikia: Kampire, binti wa Nyirabageni, kovu la moto shingoni, yuko kituo cha watoto, nenda kaangalie sasa hivi, usiulize Mwanza.

Tulisubiri. Redio ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma. Nje, Nyirabageni aliona tumesimama wote watatu, akainuka kwenye benchi, akaja dirishani bila kuitwa. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

Jibu lilikuja kabla ya saa sita. Nililisoma mwenyewe kimya kwanza, neno kwa neno likitoka:

"Kampire yupo. Kovu lipo. Anasema mama yake amekufa. Ni sisi tuliomwambia. Mwezi wa nane aliomba atafutiwe Nyirabageni, Mwanza wakajibu hayupo, tukamwambia hayupo. Watoto wa hapa neno hilo wanalielewa kwa maana moja. Tangu siku hiyo hajaomba tena. Kesho yumo kwenye lori. Nifanye nini?"

Nilimsomea Theoneste, Theoneste akamtafsiria mama kwa Kinyarwanda, dirishani. Alianza na yupo, akasimama hapo muda, ili yupo limfike vizuri. Mama alilaza paji la uso juu ya mikono yake na mabega yakamtikisika. Projest alikuwa ameshaondoka mbio kwenda kwa mkuu wa kambi kuchukua kibali. Kisha Theoneste akamtafsiria yaliyobaki, maana hayakuweza kufichwa, kwamba mtoto amekuwa yatima tangu mwezi wa nane kwa mkono wetu.

Nyirabageni aliinua uso. Alimtazama Anastazi muda mrefu. Sidhani kama alijua hasa amefanya nini, kwa sababu habari za l na r hatukuwa tumemweleza, ila aliona jinsi sisi tulivyomtazama, ikamtosha. Halafu akaachana naye, kama unavyoacha kitu usichokihitaji barabarani, akanigeukia mimi.

"Mwandikie," akasema kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa akijifunzia mashambani kwetu. "Mwandikie mimi nipo."

Anastazi alinyoosha mkono kuvuta kibodi. Alisema nimwachie, yeye ni mwepesi kuchapa. Niliuondoa ule mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilimwambia akae kwenye ile kona, ashike kalamu, aanze kuandika upya kwa mkono kila jina ambalo Theoneste atamtajia, herufi kwa herufi kama litakavyotoka mdomoni mwa mwenyewe, na asinitolee pumzi mpaka yaishe. Akaenda akakaa.

Nikamwambia Kemigisha amtoe mtoto kwenye orodha ya lori, amlete mbele ya skrini asome kwa macho yake, kwani mama alishatuambia kwamba amesoma mpaka darasa la pili na herufi anazijua. Kisha nikamgeukia mama.

"Taja jina lako," nilimwambia. "Kama unavyotaka alione."

"Nyirabageni," akasema. "Andika: Kampire, ni Nyirabageni. Nipo."

Nikaandika hivyo hivyo.